Vocha ya msafiri mwenza na tiketi za kwenda tu: mambo ya kuzingatia kabla ya safari ya Mwanza na London

Vocha ya msafiri mwenza husifiwa kwa sentensi moja: toa pointi za mmoja, safirini wawili. Pointi ni zile alama ambazo mteja hujikusanyia kwenye shirika la ndege na kuzitumia kukatia tiketi. Ni kweli, ila masharti yameachwa nje, na masharti hayo humbana zaidi anayeanzia au kuishia Mwanza. Vocha ambayo ndugu wengi walioko Uingereza wanayo ni ile ya British Airways inayopatikana kwa kadi ya American Express. Ndege za shirika hilo hazitui Tanzania. Kwa mtu wa Kanda ya Ziwa, kituo chao cha karibu ni Nairobi. Kwa hiyo kipande cha Nairobi na Mwanza kitakuwa tiketi nyingine, bukingi nyingine, na mzigo wa kuchukua na kukabidhi upya. Pointi zenyewe, Avios, zinaweza kuhamishiwa akaunti ya Qatar Airways moja kwa moja, pointi kwa pointi, na Qatar wanafika Dar es Salaam na Kilimanjaro. Vocha haihami nazo. Hiyo inatumika kwa British Airways na ndugu zake Iberia na Aer Lingus tu.

Kabla ya kufungua kalenda ya siti, andika kwenye karatasi nani anasafiri, kutoka wapi, na nani yuko naye kwenye kila kipande. Inaonekana jambo dogo, lakini mipango mingi inavunjika hapa. Mwenye kadi lazima awe mmoja wa wasafiri. Binti aliyeko Reading, Uingereza, hawezi kuichukua vocha yake akawapa baba na mama wapande wawili kutoka Nairobi huku yeye amebaki kazini. Tena wasafiri wote wawili wanakuwa kwenye bukingi moja, ndege zile zile, daraja lile lile, kwenda na kurudi. Mama akitaka kwenda Agosti na kurudi Desemba akiwa na binti anayekuja likizo, safari zao zinakutana kwenye kipande kimoja tu.

Hapo ndipo tiketi za kwenda tu zinapoingia, na hapo hesabu lazima ipigwe kwa utulivu. Tuseme, kwa mfano tu, njia moja ni pointi 30,000 kwa mtu. Wawili kwenda na kurudi bila vocha ni 120,000; kwa vocha ni 60,000. Vocha imeokoa 60,000. Ikitumika kwa kwenda tu inaokoa 30,000, kisha imekwisha. Hakuna nusu inayobaki kwa siku nyingine. Sasa turudi kwa mama na binti wa Desemba. Wakitumia vocha kutoka London hadi Nairobi pamoja, ni 30,000, na binti kurudi peke yake ni 30,000 nyingine, jumla 60,000. Lakini mwenye kadi ya daraja la juu akisafiri peke yake anaruhusiwa kutumia vocha kwa nusu ya pointi. Binti akifanya hivyo, kwenda na kurudi kwake kutakuwa 30,000, na tiketi ya mama ya kwenda tu 30,000. Jumla ni ile ile 60,000, ila bukingi ni mbili zinazojitegemea: mama akiamua kubaki wiki mbili zaidi, safari ya binti haiguswi. Sisi tungechagua hii ya pili bila kusita. Na kama mwakani kuna safari ya watu wawili kwenda na kurudi yenye uhakika, afadhali kulipa 90,000 sasa bila vocha na kuiweka ije iokoe 60,000. Neno ni "yenye uhakika". Vocha iliyoisha muda ikiwa ndani ya droo haijaokoa kitu.

Kuhusu muda, soma masharti ya vocha yako na uone tarehe iliyoandikwa ni ya mwisho wa kukata tiketi, ya kuanza safari, au ya kumaliza. Hayo ni mambo matatu tofauti.

Fedha taslimu nazo hazikwepeki. Kodi, ada za viwanja na tozo za shirika hulipwa kwa kila kichwa, hata kwa yule anayebebwa na vocha. Uingereza wanatoza kodi ya abiria kwa ndege inayoondoka kwao, si inayoingia. Kuanzia tarehe 1 Aprili 2025 hadi mwisho wa Machi 2026, kwa umbali wa kama Nairobi au Dar, kodi hiyo ilikuwa pauni 90 kwa daraja la kawaida na pauni 216 kwa madaraja ya juu, na imepangwa kupanda kila Aprili. Watoto chini ya miaka 16 hawalipi kwenye daraja la kawaida. Maana yake ni kwamba tiketi mbili za kwenda tu hazilingani: ile ya kutoka London ina kodi hii, ya kuingia haina. Kabla ya kutoa pointi, linganisha tozo na bei ya tiketi ya kulipia. Kuna misimu ambapo tiketi ya fedha ya kwenda na kurudi inazidi tozo kidogo tu, na hapo kutumia pointi ni hasara iliyovaa nguo za sikukuu.

Mpangilio wa kukata una utaratibu wake. British Airways hufungua siti za pointi siku 355 kabla ya ndege kuondoka, kwa hiyo siku ya kwenda inafunguka wakati siku ya kurudi bado haijafika kwenye kalenda. Wanaotumia vocha hukata kwenda kwanza, kisha siti ya kurudi ikifunguka wanapiga simu iongezwe kwenye bukingi ile ile. Ukiikata mtandaoni kama tiketi mpya, vocha haitaifuata. Kwa Desemba na Julai hadi Agosti, shule za Uingereza zikiwa zimefungwa, usingoje. Kipande cha kukata mwisho ni cha Mwanza, isipokuwa wiki mbili za kabla ya Krismasi, ambapo ndege na mabasi ya kutoka Dar kuja huku hujaa mapema.

Viza ndiyo inayofanya tiketi tofauti ziwe na maana kwa Mtanzania. Viza ya kawaida ya mgeni kwenda Uingereza huombwa miezi mitatu kabla ya safari, si zaidi, na kituo cha kuchukua alama za vidole kiko Dar. Siti nzuri za pointi zimeshachukuliwa muda mrefu kabla ya hapo. Kwa hiyo hakikisha kila tiketi uliyoishika inaweza kufutwa na pointi kurudi, ujue ada ya kufuta na saa ya mwisho ya kufanya hivyo. Tiketi ya ndani ya bei ya chini, Mwanza hadi Dar, mara nyingi haina huruma hiyo; inunue viza ikiwa mkononi. Mgeni huruhusiwa kukaa hadi miezi 6, na anayeingia kwa tiketi ya kwenda tu aulizwapo lini anaondoka, jibu bora ni karatasi ya tiketi ya kurudi hata kama ni ya shirika jingine. Ichapishe. Simu huzima chaji kwenye foleni.

Sasa maunganisho. Tiketi mbili zisizo kwenye bukingi moja ni safari mbili zisizofahamiana. Ndege ya Mwanza ikichelewa na ile ya Qatar ya kupitia Doha ikaondoka, shirika la pili litakuhesabu hukutokea, na vipande vilivyobaki kwenye tiketi hiyo vinaweza kufutwa vyote. Hilo ndilo huwashangaza watu: ukikosa kipande cha kwanza, hata cha kurudi hakipo. Kwa Dar, lala usiku mmoja. Ndege za ndani na za kimataifa hazitumii jengo moja pale Julius Nyerere. Terminali ya 3 iko mbali na ya 2, utahitaji gari, na mzigo utakuwa mikononi mwako. Pima begi kwa kiwango kidogo kati ya mashirika yote ya njiani. Dagaa wa Mwanza ni wepesi, lakini gunia la viungo, unga wa muhogo na zawadi za ndugu hufika kilo 23 bila kelele.

Kwa Nairobi, mwenye pasipoti ya Tanzania anatoka uwanjani bila viza, hivyo kuchukua begi na kulikabidhi upya si tatizo. Mjukuu mwenye pasipoti ya Uingereza ni habari nyingine: anahitaji kibali cha mtandaoni cha kuingia Kenya na viza ya Tanzania, hata kama babu na bibi wote ni wa Nyamagana. Wanaopenda kumalizia kwa basi wanapita Kisii, Migori, mpaka wa Sirari, Tarime, Bunda na Magu, zaidi ya kilomita 600. Usipange basi hilo kwa siku ya kupanda ndege. Linafaa wakati wa kuja nyumbani, ambako kuchelewa hakumpotezei mtu siti.

Na kadi ya njano isisahaulike. Anayeingia Tanzania akitokea Kenya anaweza kudaiwa cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na hata aliyesubiri uwanjani kwa zaidi ya saa 12. Mtu aliyekwenda kwa Doha hakuulizwa, akarudi kwa Nairobi akaulizwa. Cheti huanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano na sasa ni cha maisha, kwa hiyo chanjo ya siku ya kuondoka haisaidii.

Yaliyobaki ni ya majina. Majina kwenye akaunti ya pointi, tiketi na pasipoti yawe yale yale, kwa mpangilio ule ule. Akaunti za British Airways na Qatar zikitofautiana jina la kati, kuunganishwa kunakwama na pointi hazihami siku siti inapoonekana. Kwa hiyo ziunganishe mapema, uhamishe pointi chache za kujaribu. Tozo zikilipwa kwa kadi ya benki ya ndugu asiyesafiri, uliza shirika kama kadi hiyo itadaiwa kaunta. Mengine huidai, na kadi iliyoko Reading haiwezi kuonyeshwa Dar saa nane za usiku.