Mbwa anayelamba ovyo: jinsi ya kutafuta chanzo hatua kwa hatua

Mbwa akianza kulamba sakafu kwa nusu saa, kulamba hewa au kudaka nzi asiyekuwepo, wenye mbwa wengi husema ni mazoea mabaya na huanza kumkaripia. Muda mwingi hupotelea hapo. Kulamba ni dalili kama kikohozi kilivyo dalili. Kiini chake chaweza kuwa jino, tumbo, ngozi, ubongo au hofu, na ukitazama kwa juujuu vyote vitano vinafanana. Kwa hiyo fuata mpangilio huu: ya hatari kwanza, kisha kinywa, kisha tumbo na ngozi, na suala la tabia lije mwisho kabisa. Ukianza na tabia utamfunza mbwa mwenye jino lililooza avumilie maumivu.

Kabla ya yote: mambo yasiyongoja

La kwanza ni kichaa cha mbwa. Mbwa anayechuruzika udenda, taya limelegea, kumeza kumemshinda, sauti imebadilika au mwenendo wake umegeuka ghafla (mkali amekuwa mpole, mpole amekuwa mkali), usimpanue kinywa hata kidogo. Ugonjwa huu huonekana sawasawa na mbwa aliyekwamwa na mfupa kooni, na watu hujiponza kwa kuingiza mkono ili wautoe mfupa ambao haupo. Mfungie mahali pasipo na watu wala wanyama, kisha mpigie daktari wa mifugo. Mate yake yakiwa yamekugusa penye jeraha, machoni au mdomoni, osha kwa maji yanayotiririka kwa dakika 15 (jeraha lioshwe na sabuni), na uende hospitali siku hiyohiyo. Usingoje uone mbwa atakuwaje.

La pili ni tumbo lililojipinda. Mbwa anajikakamua kutapika na hakitoki kitu, mate yanamtoka, hatulii, na ubavu umejaa kama ngoma. Mbwa wakubwa wenye kifua kirefu ndio hupatwa zaidi. Hapo unahesabu saa, wala si siku.

La tatu ni sumu. Mbwa aliyemng'ata chura mwenye sumu hutoa povu jingi kwa ghafla na kujikuna mdomo kwa kucha. Mwinamishe kichwa chini, mfute fizi na ulimi kwa kitambaa kibichi, suuza kitambaa, rudia kwa dakika kadhaa, kisha mpeleke kwa daktari. Ukitumia maji ya mpira, yaingie kwa pembeni mwa mdomo na kutokea mbele. Yakielekea kooni yatamwingia mapafuni.

Hatua ya 1: Rekodi kabla ya kugusa

Kwa siku 7 andika kila tukio: saa ngapi, alichokilamba, limedumu dakika ngapi, ni muda gani tangu alipokula, na nini kilitangulia. Piga video ya sekunde 30 hadi 60. Wengi husogeza simu hadi puani wakakosa yaliyo muhimu: mkao wa shingo, masikio, mkia, miguu ya nyuma. Simama mbali, mwili wote uonekane.

Katikati ya tukio, mwite jina kwa sauti ya kawaida. Mbwa aliye timamu hugeuza sikio au jicho, hata kama atarudia kulamba baadaye. Lakini akiwa amekodoa macho, hasikii, upande mmoja wa uso unachezacheza na taya linagonga kana kwamba anatafuna chingamu, fikiria kifafa cha sehemu, yaani kinachoshika sehemu moja tu ya ubongo. Mbwa mdogo asiyechanjwa akitafuna hewa hivyo, daktari atataka kumpima pia distempa, ugonjwa wa virusi. Wakati wa tukio la namna hiyo usimtie kitu mdomoni: hawezi kuumeza ulimi wake, ila anaweza kukukata vidole bila kujua. Na akiitika ukimwita, usihitimishe kwamba hana ugonjwa. Umepata fununu moja tu, endelea.

Hatua ya 2: Kagua kinywa

Chagua saa ambayo ametulia. Akinguruma au akikaza mwili, acha. Kazi hiyo ni ya daktari, na kunguruma kwenyewe ni jibu kwamba panauma.

Anza bila kupanua taya. Inua mdomo wa juu kwa kidole gumba, uvute pembe ya mdomo nyuma hadi magego yaonekane. Bonyeza ufizi mpaka uwe mweupe, kisha achia. Rangi ya waridi irudi kabla ya sekunde 2 kupita. Fizi nyeupe, za buluu, za manjano au nyekundu kama tofali ni za kwenda kwa daktari leo. Kama mbwa wako ana fizi nyeusi za kuzaliwa, tazama ndani ya kope la chini badala yake.

Sasa linganisha pande mbili. Mbwa mkubwa ana meno 42, mtoto ana 28, na hubadilisha kati ya mwezi wa 4 na wa 7, kipindi ambacho kutafuna kila kitu ni haki yake. Upande wenye ukoga mzito kuliko mwenzake kwa kawaida ndio asiotafunia, na asipotafunia ana sababu. Kagua kwa makini jino kubwa kuliko yote la taya la juu, lile lenye ncha kama mlima, lililo karibu chini ya jicho. Ndilo linalopasuka mbwa akitafuna mifupa migumu, na mizizi yake ikishika usaha uvimbe hutokea chini ya jicho. Watu hulitibu jicho mwezi mzima kumbe tatizo ni jino.

Akikubali, panua kinywa: mkono mmoja juu ya pua, kidole cha mkono wa pili kikishusha taya kwa meno madogo ya mbele. Tazama kaakaa. Kijiti au mfupa hupenda kukwama kwa kukingama baina ya yale meno makubwa ya juu, la kulia na la kushoto, na mbwa huchezesha ulimi siku nzima bila mtu kujua kwa nini. Ili uone chini ya ulimi, sukuma kwa kidole gumba kutoka nje, katikati ya mifupa miwili ya taya la chini. Ulimi utainuka wenyewe. Ukikuta uzi umezunguka shina la ulimi, usiuvute. Ncha ya pili huenda imeshika utumboni, na ukivuta uzi unakata utumbo kama msumeno.

Uvimbe, doa jipya jeusi lililoinuka, mate yenye damu, au chakula kinachodondoka upande mmoja, vyote vipelekwe kwa daktari wiki hiyohiyo.

Hatua ya 3: Shuku tumbo kabla ya upweke

Hapa ndipo makosa mengi hufanyika. Mbwa anayelamba sakafu, kuta, makochi na mazulia hudhaniwa amechoshwa na kukaa bure. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Montreal walichunguza mbwa 19 wenye tabia hiyo, wakakuta 14 kati yao wana kasoro ya tumbo au utumbo. Kundi ni dogo, lakini linatosha kukuzuia usianze na adhabu.

Kichefuchefu na kiungulia vina sura yake. Mbwa humeza mara kwa mara bila kula kitu, hunyoosha shingo, hulamba midomo akiwa amesimama kimya, hukimbilia majani na kuyabwia bila kutafuna. Wengine hutapika povu la manjano alfajiri, tumbo likiwa tupu tangu jioni. Tazama daftari lako: je, kulamba huzidi baada ya mlo, au saa nyingi baada yake?

Jaribio la kufanya nyumbani ni rahisi. Chukua chakula kilekile, kiasi kilekile cha siku, ukigawe mara 3 au 4, mlo wa mwisho ukiwa karibu kabisa na kulala. Fanya siku 14 bila kumpa kitu kingine chochote, hata makombo ya mezani. Kosa la kawaida ni kubadilisha aina ya chakula na ratiba kwa pamoja. Akipona hutajua kipi kilimponya. Kulamba kukipungua, mpelekee daktari taarifa hiyo, kwa sababu inaonyesha pa kuanzia. Jaribio la kubadili protini ya chakula, ili kuona kama ndiyo inayomsumbua, lifanywe chini ya daktari, na huchukua wiki kadhaa.

Usimpe dawa ya binadamu ya kutuliza maumivu. Ibuprofeni huweza kumtoboa tumbo na kuua figo, na parasetamoli huharibu ini. Dawa yako ya meno nayo isimguse: baadhi zina zailitoli, sukari mbadala inayoshusha sukari ya damu ya mbwa kwa kasi.

Hatua ya 4: Akijilamba mwenyewe

Mguu mmoja: tafuta mwiba, mbegu ya nyasi au kucha iliyopasuka, ukitenganisha kila kidole chini ya taa. Miguu yote, manyoya yakiwa yamegeuka kahawia kwa mate: aleji ndiyo ya kwanza kushukiwa. Shina la mkia: viroboto. Mkundu: tezi zilizojaa, au vipande vya tegu vinavyofanana na punje za mchele.

Kidonda kinene kisicho na manyoya kwenye kifundo cha mguu wa mbele kinahitaji subira. Kola ya kinga, ile koni ya shingoni inayomzuia asijilambe, husaidia ikivaliwa tu. Ikivuliwa mbwa anarudi palepale, kwa kuwa chini ya kidonda mara nyingi pana maambukizi ya ndani au kiungo kinachouma. Na ile imani kwamba mate ya mbwa hutibu vidonda iache. Kulamba hukifanya kidonda kisifunge.

Hatua ya 5: Ulimi unaozungumza

Kuna mlambo wa haraka mno, ulimi unagusa pua na kurudi kabla hujapepesa macho. Mtu ameinama juu yake, mtoto amemkumbatia, sauti imepanda: mbwa anasema hana raha, anaomba nafasi. Mpe nafasi. Mbwa anayeadhibiwa kwa ishara hizi huziacha, na siku moja huuma ikasemekana ameuma bila onyo.

Meno kugongana kidogo na povu jepesi baada ya kunusa mkojo wa jike ni jambo la kawaida kwa dume. Anapeleka harufu kwenye kiungo cha Jacobson, kiungo cha ziada cha kunusia kilichopo kwenye kaakaa nyuma ya meno ya mbele. Lakini meno yakigongana bila harufu yoyote, rudi hatua ya 2.

Hatua ya 6: Kinachobaki ni mazoea

Yote ya juu yakishaondolewa, mpe mdomo kazi halali: tawanya chakula nyasini akitafute, mpe cha kutafuna ambacho kucha yako inaweza kukiacha alama. Mwite kabla hajaanza, saa zile ambazo daftari limekuonyesha, na umtuze akiwa ametulia. Usimfunge mdomo kutwa. Mbwa hujipoza kwa kuhema, na akizibwa joto humpanda. Kwa mbwa mzee aliyeanza kulamba usiku huku akipotea njia ndani ya nyumba, mweleze daktari hayo mawili kwa pamoja.

Ukienda kwa daktari, beba video na daftari, na umpe saa ya mlo wa mwisho. Kama kinywa hakijaonyesha kitu na bado unashuku jino, omba kipigwe eksirei mbwa akiwa kwenye nusu kaputi. Sehemu kubwa ya jino imefichwa chini ya ufizi, na huko jicho halifiki.