SOMO: Mdudu huyu ni wa oda (kundi) gani? Hatua za kufuata kabla hujaniuliza

Kila wiki natumiwa picha ya mgongo wa mdudu, imepigwa gizani, na chini yake maneno mawili: "Huyu nani?" Nimechoka. Naandika leo mara moja. Atakayeuliza tena nitamrushia hii. Mimi ni mtunza maabara ya sekondari hapa Mwanza, hivyo mifano yangu ni ya huku huku. Tafuta lenzi ya mkono na pini.

1. Hesabu miguu. Ni sita. Ikiwa minane, huyo ni buibui, nge au kupe, na somo hili halimhusu.

2. Tafuta sehemu tatu: kichwa, kifua, tumbo. Miguu na mabawa huota kifuani.

3. Hesabu mabawa. Majina mengi ya oda yanaishia na "ptera", yaani bawa kwa Kigiriki. Linnaeus, Mswidi aliyewapanga wadudu mwaka 1758, alianza na mabawa, nawe anza hapo.

Mawili tu: Diptera, nzi na mbu. Nyuma ya mabawa hayo utaona vijiti viwili vyenye vichwa kama vya pini. Ni mabawa ya nyuma yaliyobadilika, humsaidia kujisawazisha akiruka. Yule mwenye mistari ya njano anayesimama hewani juu ya maua, watu wakamkimbia wakidhani nyigu? Hesabu. Ni nzi.

Manne, yanaacha unga vidoleni: Lepidoptera, vipepeo na nondo. Unga huo ni magamba.

Manne maangavu, ya nyuma madogo kuliko ya mbele, na kwa kawaida kiuno chembamba: Haimenoptera, yaani nyuki, nyigu, siafu.

Manne marefu yenye mishipa kama wavu, macho yamejaa kichwa, vipapasio vifupi kama unywele: Odonata, kereng'ende.

Miguu ya nyuma minene ya kurukia: Orthoptera, panzi, nzige na senene. Mende, kichwa kimefichwa chini ya ngao: Blatodea.

4. Mgongo mgumu: mbawakawa (Koleoptera) au jamii ya kunguni (Hemiptera)? Hapa niliumbuka, kwa hiyo soma polepole. Mwaka mmoja niliweka kangambili wa pamba kwenye mtihani wa vitendo. Mwekundu, mgumu, anang'aa, nikajiambia Koleoptera. Binti mmoja akaandika Hemiptera, nikampa sifuri. Alikuja maabara na pini, hakusema neno, akampindua mdudu chali. Chini ya kichwa kulikuwa na mrija mwembamba umekunjwa nyuma, umelala kifuani katikati ya miguu. Ndio anaochomea tumba la pamba na kufyonza mbegu, pamba ikabaki na madoa. Mbawakawa hana mrija. Ana taya za kutafuna. Nilirudisha alama mbele ya darasa zima.

Kwa hiyo tazama mgongo NA tumbo. Koleoptera: mabawa ya mbele yamekuwa ala, kama ala ya kisu, nayo hukutana katikati kwa mstari mmoja ulionyooka. Hemiptera kama kangambili: nusu ya bawa ni ngozi, ncha ni laini, na ncha hupishana, hivyo mgongoni unaona alama ya X. Angalizo la kwanza: kunguni wa kitandani hana mabawa ya kurukia, na vidukari wengi hawana kabisa, kwa hiyo mrija ndio utakaoamua. Angalizo la pili: pua ndefu ya fukuzi wa mahindi SI mrija. Ni kichwa kilichorefuka, taya ziko nchani, vipapasio vimeota juu yake. Fukuzi ni mbawakawa. Hata dumuzi, yule wakulima wanayemwita Scania, ni mbawakawa.

MASWALI

Mzee wa Igoma: Mkuu, huyu wangu ni oda gani? Picha hiyo.
– Hatua ya 1 hadi ya 4. Tumbo liko wapi?

Mzee wa Igoma: Si useme tu?
– Nikisema tu, kesho utarudi na mwingine.

Chifu_Buswelu: Umesema siafu wana mabawa manne. Wa kwangu hawana hata moja.
– Wafanyakazi hawana, nilidhani linajulikana. Haya, nilipaswa kuliandika. Tumia kiuno na vipapasio vilivyopinda kama kiwiko.

Dada wa Ukerewe: Shikamoo mwalimu. Mvua ikikatika, kwenye taa wanakuja kumbikumbi na wengine wanaofanana nao. Nawatofautishaje?
– Marahaba dada. Kumbikumbi: mabawa manne yanalingana, kiuno kinene, vipapasio vimenyooka kama shanga. Wale wengine ni sisimizi wenye mabawa: ya mbele marefu, kiuno chembamba. Na kumbikumbi ni mchwa, kwa hiyo ni ndugu wa mende. Utafiti wa vinasaba wa 2007 uliwaingiza Blatodea.

Dada wa Ukerewe: Kumbe tunakula ndugu wa mende!
– Kaanga tu.

Nyegezi_1: Wale wanaopanda kama moshi juu ya ziwa ni mbu?
– Swali zuri. Ni Diptera, jamaa za mbu, lakini hawana mdomo wa kukuchoma. Lava zao, yaani watoto, hukulia ziwani, na samaki huwala sana. Ila usimkusanye kila anayekuja kwenye taa ukamwita hivyo. Kuna mwenye mabawa yaliyosimama wima na nyuzi mkiani, huja kwa wingi siku chache baada ya mwezi mpevu. Huyo ni Efemeroptera, na mtoto wake hutoboa mbao za mitumbwi.

Kijana_F3: Kupe mchanga nimemhesabu mara tatu, ana miguu sita!
– Umeona kweli, hongera. Anapoanguliwa anayo sita, miwili iliyobaki huja baadaye. Mtafute vipapasio: hana.

Mwaloni Kirumba: Vibuu vyenye manyoya kwenye dagaa zangu kavu ni nondo?
– Mbawakawa. Jamaa zake walinilia boksi zima la vipepeo.

Kijana_F3: Hata langu, wamebakiza pini. Nifanyeje?
– Lifunge kwenye mfuko wa plastiki, weka freza wiki mbili. Ukilitoa usifungue mfuko mpaka ubaridi uishe, vinginevyo umande utaozesha waliobaki.