Jinsi ya kutazama picha ya mboga iliyochorwa kihalisia

Hapa Lubumbashi, mtu akionyeshwa kabichi iliyochorwa vizuri husema, "Eh, kama ya kweli!" kisha anapita. Mwongozo huu ni wa anayetaka kubaki mbele ya picha kwa robo saa. Mimi ni mchoraji, na msimamo wangu ni mmoja: mchoraji wa kihalisia hanakili. Anachagua wapi akuonyeshe na wapi akunyime, na raha ya kutazama ni kumfuata katika kuchagua kwake.

Tutatumia picha ya Juan Sánchez Cotán wa Toledo, Uhispania, ya karibu mwaka 1602. Iko San Diego Museum of Art, Marekani, na ina kimo cha sentimita 69 hivi kwa upana wa 84. Ndani yake mna tunda la kwinsi, kabichi, tikiti lililokatwa na tango, basi. Itafute kwenye intaneti kwa jina la mchoraji. Kisha nenda soko la Kenya, hapa hapa mjini, ununue kabichi moja ndogo, na umwombe mama muuzaji asiyabandue majani ya nje. Hayo ndiyo tunayoyataka.

Hatua ya 1: Tafuta mwanga unatoka wapi

Weka kabichi mezani karibu na dirisha moja, ufunge mlango na mapazia mengine. Taa ya darini izimwe, maana inamulika kila upande na kuua kivuli. Sasa rudi kwenye picha: upande gani wa kila kitu unang'aa? Kwa Cotán mwanga unaingia kutoka kushoto, na vitu vyote vinne vinautii.

Kwetu hatua hii inahitaji subira. Macho yetu yamezoea picha za Hangar, shule ya uchoraji ambayo Mfaransa Pierre Romain-Desfossés aliianzisha mjini hapa mwaka 1946. Samaki na ndege wa Pili Pili Mulongoy, mchoraji wa shule hiyo, hawangoji dirisha wala taa, na mwenzake Bela alipaka rangi kwa ncha za vidole. Ni uzuri wa aina nyingine, na sioni kwamba uhalisia umeushinda. Ila huwezi kuusoma huu kwa kanuni za ule.

Hatua ya 2: Fuata kingo

Hapa ndipo ukae zaidi. Tandika kitambaa cheusi nyuma ya kabichi yako, kisha fumba macho nusu. Upande wa dirisha, ukingo wa jani unakata kama wembe. Upande wa pili jani linazama kwenye weusi, na huwezi kusema kabichi imeishia wapi. Mchoraji anayeanza hapendi hali hiyo; anazungushia mstari kila mahali, na kabichi inageuka karatasi iliyobandikwa. Fundi huacha ukingo upotee, jicho lako likamalizie.

Pitisha kidole juu ya skrini kuzunguka kabichi ya Cotán, polepole. Kila mahali jiulize: hapa ni mkali, laini, au umepotea? Kisha uliza kwa nini. Ukingo mkali huvuta jicho, kwa hiyo ramani ya kingo kali inakuonyesha mchoraji alitaka uanzie wapi.

Hatua ya 3: Angalia rangi ndani ya kivuli

Kivuli cha jani si cheusi. Weka karatasi nyeupe upande wa kivuli wa kabichi yako, uone jinsi sehemu hiyo inavyopata nuru kidogo. Iondoe, uirudishe. Nuru hiyo ya kuazima ndiyo inayoifanya mboga iwe mviringo, na katika picha dhaifu ndiyo ya kwanza kukosekana.

Hatua ya 4: Tazama mahali patupu

Kwinsi inaning'inia juu kushoto, kabichi chini yake kidogo, tikiti limekaa kwenye ukingo wa dirisha lililochorwa, tango liko mwisho kulia: vyote vinashuka kwa mkunjo mmoja. Nafasi kubwa iliyobaki ni giza tupu. Ziba tango kwa kidole. Kina cha picha kinapungua, kwa sababu tango ndilo linalochomoza kuelekea kwako na kuangusha kivuli mbele ya ukingo. Kamba zinazoning'iniza kwinsi na kabichi nazo si ndoto. Kuning'iniza matunda na mboga zisioze haraka kulikuwa desturi ya nyumbani.

Mwaka 1603 Cotán aliuacha mji akajiunga na watawa Wakarthusi, na wengi huanza kwa kueleza mafumbo ya dini. Mimi ningesubiri hadi macho yamalize kazi.

Hatua ya 5: Tafuta mkono

Kuza picha. Cotán ameficha alama za brashi. Linganisha na picha ya fungu la asparaga, mboga ya vijiti, ya Mfaransa Édouard Manet, ya mwaka 1880, ambapo brashi inaonekana wazi. Mkusanyaji wa sanaa Charles Ephrussi aliinunua kwa faranga 1,000 badala ya 800 walizopatana, naye Manet akamchorea asparaga moja zaidi, eti ilikuwa imepungua kwenye fungu.

Hatua ya 6: Chora

Chukua kipande cha mkaa wa mbabula (jiko la mkaa) na karatasi yoyote. Chora vivuli tu vya kabichi yako, bila mstari wa kuizunguka, kwa dakika kumi. Ukimaliza, rudia hatua ya 2 kwa Cotán. Utaona kingo ambazo mara ya kwanza zilikupita. Kesho yake majani ya nje yatakuwa yamelegea: ichore tena hivyo hivyo kabla haijaenda chunguni, maana mikunjo ya jani lililolegea ni rahisi zaidi kuifuata.