Namna ya kuizunguka Kerry bila kukimbizana na mabasi ya watalii

Ikishafika mwezi wa tano simu zinaanza. Jamaa wa Dublin, jamaa wa London, mwingine anakuja likizo kutoka nyumbani, na wote swali lao moja: nina siku moja, naizungukaje Kerry? Na jibu langu halibadiliki, siku moja huizunguki Kerry, siku moja unazungushwa tu halafu unarudi na picha za kioo cha gari kilichojaa matone ya mvua. Nasema hivyo maana mimi mwenyewe mwaka wangu wa kwanza hapa Cork, Ayalandi, jirani na Kerry, nilifanya ujinga huo huo, nikatoka na kigari changu saa tatu asubuhi, nikaizunguka ile barabara yao maarufu ya kilomita 179, nikarudi usiku mgongo unauma na kitu ninachokikumbuka vizuri mpaka leo ni nyuma ya basi moja la watalii nililolifuata kuanzia Killorglin.

Cha kwanza elewa ramani. Kerry iko pembeni kabisa kusini magharibi ya Ayalandi, wao wanaita kaunti, kwetu Bongo tungesema mkoa ila mkoa mdogo, kilomita za mraba kama 4,800 hivi na watu wasiofika 160,000 kwa sensa ya 2022. Ukifungua ramani utaona vidole vitatu vimechomekwa baharini, kwenye Atlantiki. Cha juu ni Dingle, cha kati kinene ni Iveragh na ndicho hicho barabara ya Ring of Kerry inakizunguka, cha chini ni Beara ambacho sehemu kubwa ni ya Cork na Kerry wamepata ubavu mmoja tu. Kiganja chake ni huku kaskazini, mashamba na ng'ombe wa maziwa, Tralee na Listowel. Mimi kanuni yangu ni kidole kimoja siku mbili, unachagua mji mmoja unalala hapo. Ukiwa na siku mbili tu basi chagua kidole kimoja, vingine utarudi.

Karatasi sasa, maana hapa watu wanaumia. Kwa paspoti ya Tanzania, Kenya au Uganda, visa ya Uingereza haikuingizi Ayalandi, na ya Schengen haikuingizi pia, wako EU na wanatumia euro lakini Schengen hawamo. Wengine wanadanganyana eti unatua Belfast halafu unashuka kwa basi, ni kweli pale mpakani hakuna geti wala askari amesimama ila visa bado unatakiwa uwe nayo, ukiulizwa njiani utajieleza mwenyewe. Omba visa ya Ayalandi mapema, usisubiri mwezi wa mwisho.

Kufika Kerry ni rahisi. Treni inatoka Dublin stesheni ya Heuston, mara nyingi unabadilisha Mallow, unafika Killarney baada ya masaa matatu na nusu hivi na mwisho wake ni Tralee. Kuna na kiwanja kidogo cha ndege Farranfore katikati ya miji hiyo miwili. Lakini ukishafika, vidole vyenyewe vinataka gari, mabasi ya abiria yapo ila machache na Jumapili ndo usiseme. Uzuri ni kwamba wanaendesha kushoto kama sisi, kipilefti ni zilezile, kwa hiyo Mtanzania au Mkenya hapotei, anayepata tabu ni ndugu yetu wa Kongo au Burundi aliyezoea kulia. Ukikodi sema mapema kama unataka automatiki maana nyingi ni za manyo, na chukua gari dogo, dogo kabisa, usijifanye bosi. Barabara ndogo za mashambani spidi tangu mwezi wa pili 2025 ni 60 na hata hiyo 60 sehemu nyingine huifikii, ukuta wa mawe kushoto, kondoo mbele, trekta nyuma.

Anza na Killarney. Mji wenyewe ni wa hoteli na maduka ya zawadi, sitawadanganya, mchana umejaa watu. Ila ukitembea kwa mguu dakika kumi tu unaingia hifadhi ya taifa, ya kwanza Ayalandi, ilianza 1932 baada ya familia yenye jumba la Muckross kuipa serikali shamba lote. Yapo maziwa matatu, kubwa linaitwa Lough Leane, na pembeni yake ngome ya Ross ambayo mwaka 1652 ilikuwa ya mwisho mwisho kusalimu amri kwa jeshi la Cromwell, yule jenerali wa Waingereza aliyeivamia Ayalandi, upande huu wa Munster, jimbo la kusini. Kodi baiskeli badala ya gari, anza asubuhi saa moja hivi ukungu bado umelala juu ya maji, utakutana na kulungu wekundu wamesimama tu wanakuangalia. Kuna mikokoteni ya farasi pia, madereva wake wana maneno hao, hadithi za uongo na kweli zimechanganywa, ila ulizeni bei kabla ya kupanda.

Wale wa kupanda milima, Carrauntoohil iko hapo hapo jirani, ndio mlima mrefu kuliko yote Ayalandi, mita 1,038. Najua Mchaga atacheka, lango la Marangu peke yake liko juu kuliko kilele hicho. Cheka ukiwa chini. Kule juu mawingu yanashuka ghafla huoni hata viatu vyako, na ile njia wanayoiita Ngazi ya Shetani ni mawe yanayoteleza na kuporomoka, waokoaji wanaitwa kila mwaka. Usiende na raba za mjini, na kama hujawahi nenda na anayejua njia.

Haya, Ring of Kerry yenyewe. Mabasi yote makubwa yanazunguka upande mmoja, kinyume na mshale wa saa, yanatoka Killarney kama saa nne asubuhi yanapitia Killorglin kwanza. Kuna watu watakwambia zunguka kinyume chao usiwe nyuma yao, sawa, lakini ukikutana nalo kona nyembamba uso kwa uso ni wewe utarudi rivasi, sio yeye. Mimi nafanya hivi: nafuata upande wao lakini natoka saa mbili kasoro, na silazimishi kumaliza, nalala Cahersiveen au Waterville, kesho yake asubuhi namalizia kipande kilichobaki wakati mabasi bado yako Killarney yanapakia. Hilo tu ndilo lililobadilisha safari zangu zote.

Killorglin ukipita tarehe 10 mpaka 12 mwezi wa nane utakuta vituko. Wanakamata mbuzi dume wa porini mlimani, wanamvika taji, anapandishwa kwenye jukwaa refu katikati ya mji, ndio mfalme wa gulio. Gulio hilo lina maandishi ya tangu 1613. Wenyewe wanasimulia kwamba zamani askari wa Cromwell walivamia, mbuzi mmoja akakimbilia mjini, watu wakashtuka wakajiandaa. Yani kwa Kiswahili chetu beberu aliwaokoa na mabeberu, nilijaribu kumweleza mzee mmoja pale kwenye baa huo mchezo wa maneno, ikanichukua nusu saa ila akaelewa na akaninunulia soda.

Cahersiveen simama. Karibu na hapo ndipo alipozaliwa Daniel O'Connell mwaka 1775, yule mwanasheria aliyewapigania Wakatoliki mpaka 1829 wakaruhusiwa kuingia bungeni. Huyu mtu alichukia utumwa vibaya sana, Frederick Douglass, yule Mmarekani mweusi aliyetoroka utumwa, alipokuja Ayalandi 1845 alimsikia akihutubia Dublin. Nyumba yake iko mbele kidogo, Derrynane, na chini yake ufukwe mzuri kuliko wote wa Kerry kwa maoni yangu, maji yakikupwa unatembea kwa mguu mpaka kisiwani kwenye magofu ya kanisa. Angalia tu bamvua, usije ukabaki huko.

Kisiwa cha Valentia usikiruke. Jina linafanana na la Wahispania lakini wapi, ni Kiairishi, Béal Inse. Kutoka hapa ndipo walipotandaza waya wa simu ya maandishi chini ya bahari kwenda Newfoundland upande wa Kanada, wa kwanza 1858 ukafa baada ya wiki chache, wa 1866 uliobebwa na meli ya Great Eastern ndio ukadumu. Fikiria, kisiwa cha wavuvi, ndio kikawa mlango wa habari kati ya Ulaya na Marekani. Unaingia kwa daraja la Portmagee au pantoni ndogo ya dakika tano upande wa Knightstown, pantoni ni msimu tu.

Na hapo Portmagee ndio panapoondokea boti za Skellig Michael. Mwamba wa mita 218 katikati ya bahari, kama kilomita 12 kutoka nchi kavu, watawa walikaa kule tangu karne za mwanzo za Ukristo hapa, wakajenga vibanda vya mawe vya duara mithili ya mzinga wa nyuki, bila saruji, na mpaka leo havivuji. Uko kwenye urithi wa dunia tangu 1996. Kupanda ni ngazi 618 za mawe hazina mahali pa kushika, hakuna choo, hakuna maji. Boti za kushusha watu zinaenda kama kuanzia katikati ya mwezi wa tano mpaka mwisho wa wa tisa, nafasi chache, ukisubiri mwezi wa sita ndo ubuku umeshachelewa. Na hata ukibuku bahari ndiyo inaamua. Mimi nimeghairishiwa mara mbili, mara ya pili tulikuwa tumeshavaa maboya, nahodha akaangalia maji nje ya bandari akatingisha kichwa, tukarudishiwa hela tukaenda kula supu ya samaki. Ya tatu ndo nikafika. Weka siku ya akiba.

Kenmare ndipo unapofungia, mji umepangwa, uliasisiwa 1670 na Sir William Petty, yule yule aliyepima ardhi ya Ayalandi baada ya vita vya Cromwell na mwenyewe akaondoka na kipande kikubwa cha Kerry. Kazi ya kupima bwana.

Kidole cha Dingle mimi ndicho nakipenda zaidi. Huku watu wengi bado wanaongea Kiairishi chenyewe na vibao vya barabarani vimeandikwa Kiairishi tupu, kwa hiyo usishangae, Dingle kwa Kiairishi ni An Daingean au Daingean Uí Chúis. Jifunze na maneno mawili matatu, ukiona Cill ujue palikuwa na kanisa, Baile ni kijiji, Trá ni ufukwe, ndio maana Tralee kwao ni Trá Lí na Killarney ni Cill Airne. Barabara ya Slea Head izunguke kwa kufuata mshale wa saa, mchana watu wote wanaenda hivyo na ni nyembamba kweli kweli, kuna kona mto unapita juu ya lami. Mbele unaviona visiwa vya Blasket, watu 22 wa mwisho walihamishwa 1953, hakuna daktari, bahari ikichafuka hata mgonjwa hatoki. Simama Gallarus pia, kikanisa cha mawe kama mtumbwi uliopinduliwa. Na Annascaul kuna baa aliyofungua Tom Crean, mtoto wa hapo aliyeenda Antaktika mara tatu na akarudi mzima.

Mvua msiulize. Inanyesha, Valentia wanapata zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, ila sio kama masika ya Dar inayomwagika halafu basi, hii ni manyunyu yanakaa na wewe siku nzima kama mgeni asiyejua kuaga. Mwavuli acha nyumbani, upepo utaugeuza. Nunua koti la mvua zuri na soksi za ziada.

Listowel pita kama unapenda waandishi au mbio za farasi mwezi wa tisa. Mwisho malizia Tralee, makao makuu ya kaunti. Wapenzi wa Yanga mtajisikia nyumbani, kijani na njano kila dirisha, ndio rangi za Kerry kwenye futiboli ya Kiairishi, ile ya mikono na miguu, na wamebeba kombe la nchi mara 39, la 39 ni 2025, hakuna kaunti inayowakaribia. Pale Blennerville kwenye kinu cha upepo ndipo meli ya Jeanie Johnston ilipoondokea 1848 kuelekea Quebec, imejaa watu waliokimbia njaa kuu baada ya viazi kuoza mashambani. Meli nyingi za wakati ule zilizika watu baharini, hii haikupoteza abiria hata mmoja.

Halafu, kabla hujapanda treni, hasa wewe mwenye ndugu Kongo, endesha dakika ishirini mpaka Banna Strand. Ni ufukwe mrefu wa mchanga, maegesho, vilima vya mchanga, na mnara wa kumbukumbu. Ijumaa Kuu ya mwaka 1916 Roger Casement, Mwairishi aliyekuwa anatafuta msaada wa Wajerumani dhidi ya Waingereza, alishushwa hapa na nyambizi ya Kijerumani, yeye na wenzake wawili, boti yao ndogo ikapinduliwa na mawimbi, wakafika wamelowa. Ni yule yule konsuli wa Waingereza aliyekuwa mji wa Boma huko Kongo, aliyepanda mto Kongo 1903 kuwasikiliza watu waliokatwa mikono kwenye uvunaji wa mpira wa mfalme Leopold wa Ubelgiji, na ripoti yake ya 1904 ikautia aibu ufalme ule. Akaja kuona kwamba alichokiona Kongo kinamhusu na kwao. Alikamatwa siku hiyo hiyo, na tarehe 3 mwezi wa nane akanyongwa London.

Nenda maji yakikupwa, vua viatu. Maji ni ya baridi hata mwezi wa saba, nakwambia kabisa.