Jinsi ya kuomba nakala ya taarifa zako za matibabu na kurekebisha jina lililokosewa

Mama yangu mdogo, mkazi wa Rungwe, alikuwa na mafaili matatu katika hospitali moja, na hakuwahi kuomba hata hilo la pili. Mara ya kwanza karani alimwandika Mwakyoma. Safari iliyofuata akawa Mwakioma. Usiku tuliompeleka amezidiwa, aliyetupokea akaandika jina la mume wake. Kompyuta haina namna ya kujua kwamba hao watatu ni mama mmoja. Daktari wa zamu alifungua faili la tatu, akalikuta tupu, akaanza kumuuliza upya dawa anazotumia wakati hali yenyewe haikuwa ya kuongea. Mzio wake wa dawa za salfa ulikuwa umeandikwa kwenye faili la kwanza. Tuliutaja sisi ndugu, kwa sababu tulikuwepo.

Ndiyo maana nakusihi ufanye kazi hii ukiwa mzima. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inahesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti, na inakupa haki ya kujua kilichoandikwa juu yako na kuomba kisahihishwe kikiwa na kosa. Huendi kuomba fadhila.

Anza nyumbani. Toa kila karatasi: kadi za kliniki, madaftari ya zahanati, majibu ya maabara, barua za rufaa, risiti. Kama ulijifungulia Meta, ukatibiwa Igawilo, kisha ukalazwa Makandana, kila kituo kina faili lake na utaandika barua ya kila kimoja. Pembeni andika jina lilivyo kwenye kila karatasi, herufi kwa herufi, na namba ya faili. Halafu weka kitambulisho cha NIDA mbele yako. Namba yake ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Wazee wetu wengi hospitalini wameandikiwa umri wa kukadiria, kwa hiyo linganisha na tarehe pia.

Ikiwa tofauti ni ya herufi moja mbili, kitambulisho kwa kawaida kinatosha. Ikiwa ni jina jingine kabisa, kama hilo la mume, tafuta barua ya mtendaji wa kata au kijiji, na hati ya kiapo iliyosainiwa mbele ya wakili. Anayemwombea mgonjwa aende na idhini ya maandishi ya mgonjwa. Mzazi abebe cheti cha kuzaliwa cha mtoto.

Barua iwe fupi:

Mganga Mfawidhi,
Hospitali ya ………,
S.L.P. ………

YAH: MAOMBI YA NAKALA YA TAARIFA ZA MATIBABU NA KUREKEBISHA JINA

Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu. Mimi ni ………, namba ya NIDA ………, simu ………. Nimetibiwa hospitalini kwako tangu mwaka ………, kwa mafaili namba ……… na ……….

Naomba nakala ya taarifa zangu: magonjwa niliyogundulika nayo, dawa, mzio, na majibu ya vipimo. Pia naomba jina langu lisomeke ……… kama lilivyo kwenye kitambulisho, na mafaili yangu yaunganishwe baada ya daktari kuyahakiki.

Hayo maneno ya mwisho usiyaache. Kuunganisha mafaili bila kuhakiki kunaweza kukuletea ugonjwa wa mtu mwingine, na huku kwetu majina yanafanana ukoo mzima.

Peleka nakala mbili. Moja inabaki masijala; nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo. Bila muhuri huo, ukifuatilia baada ya wiki tatu utaambiwa uandike upya. Ukitakiwa kulipia, omba namba ya kumbukumbu ya malipo na risiti, usimpe mtu fedha mkononi. Na kama unatoka Tukuyu, karatasi zikae ndani ya mfuko wa nailoni. Mvua ya kule haisubiri ufike Uyole.

Ukishapewa nakala, usiikunje ukaondoka. Kaa kwenye benchi uisome. Kwenye magonjwa utakuta herufi na namba: I10 ni shinikizo la damu, E11 ni kisukari aina ya pili. Hizo zinatoka kwenye orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, na faida yake ni kwamba daktari wa Iringa au wa Dodoma anaelewa kilekile alichokusudia wa Mbeya. Sukari nayo ina vipimo viwili. 7.0 kwa milimoli na 126 kwa miligramu ni sukari ileile, kwa hiyo namba isiyo na kipimo pembeni yake irudishe waijazie. Saa pia: 20:00, ambayo kwa Kiingereza husomwa saa 8 ya jioni, kwetu ni saa mbili usiku. Nimeona dawa ya usiku ikimezwa saa nane mchana kwa sababu hiyo. Mwisho tazama sehemu ya mzio. Ikiwa tupu na wewe una mzio, usitoke hapo haijajazwa.

Jambo moja ulikubali mapema: kosa la jina au tarehe litasahihishwa, ila maoni ya daktari hayafutwi kwa sababu hukuyapenda. Unaweza kuomba maelezo yako yaongezwe pembeni.

Ukizungushwa, rudi kwa mganga mfawidhi na ile nakala yenye muhuri. Akikataa, omba sababu kwa maandishi, kisha peleka malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ukiambatisha barua zote mbili.

Mama mdogo sasa ana faili moja. Nakala yake moja iko zahanati ya kijijini, nyingine iko kabatini kwenye bahasha ya kaki, na mjukuu wake wa darasa la tano anajua ilipo.