Mlango umejifunga, ufunguo uko ndani: la kufanya ukiwa Ujerumani

Milango mingi ya nyumba za kupanga Ujerumani haina mkono wa kitasa kwa nje, ina kirungu tu kisichozunguka. Unatoka na kandambili kwenda kutupa taka, upepo wa dirisha la jikoni unausukuma mlango, ulimi wa kitasa unaingia kwenye fremu. Basi, umeshabaki nje.

Kama ndani kuna mtoto mdogo peke yake au sufuria iko motoni, piga 112 hapo hapo. Zimamoto watafungua hata kwa kuvunja. Kama hakuna hatari, usiwasumbue.

Mpigie kwanza mwenye ufunguo wa pili: mnayeishi naye, mwenye nyumba au msimamizi wa jengo. Ila ukiacha ufunguo umechomekwa kwa ndani, silinda nyingi (sehemu ya kitasa unamoingia ufunguo) hazikubali ufunguo mwingine kutoka nje. Ndiyo maana usiuache hapo. Siku ya kubadilisha silinda, omba ile inayofunguka hata kama upande wa pili kuna ufunguo.

Ikibidi kuita fundi, hapo ndipo watu wanapoliwa. Tangazo la juu kabisa kwenye simu mara nyingi ni la kituo cha kupokea simu kilicho mbali, na namba inayoonekana ya mtaani kwako inapokelewa mji mwingine. Tafuta fundi mwenye duka unalolijua au anwani unayoweza kuithibitisha, kisha mwambie hivi: “Die Tür ist nur zugefallen, nicht abgeschlossen.” Yaani mlango umejifunga tu, haukupigwa ufunguo. Sentensi hii ndiyo inayoamua bei. Endelea: “Was kostet das insgesamt, mit Anfahrt?” Unataka jumla, pamoja na nauli yake na nyongeza ya usiku, Jumapili au sikukuu. Akikwepa kutaja bei, kata simu. Akitaja, iandike pamoja na jina lake na saa, na ikiwezekana jirani asikie. Kama ni usiku wa manane na una rafiki wa kukulaza, subiri asubuhi. Nyongeza ya usiku inauma.

Mlango uliojifunga tu, fundi mzoefu huufungua kwa dakika chache: anapitisha kipande cha plastiki ngumu au waya uliopinda, anarudisha ulimi, kitasa kinabaki kizima. Anayetoa drili kabla hajajaribu hayo anatafuta kukuuzia silinda mpya. Mzuie.

Malipo ni kwa ankara, “Rechnung”, yenye jina na anwani ya kampuni. Usisaini karatasi yenye nafasi tupu. Bei ikiruka ghafla, lipa mliyokubaliana na umwambie inayobaki aidai kwa maandishi. Akikutisha au akikataa kuondoka, wapigie polisi, 110. Baadaye peleka ankara Verbraucherzentrale, ofisi ya kutetea watumiaji iliyopo katika kila jimbo.

Ufunguo uliopotea kabisa ni habari nyingine, hasa kama unafungua na lango la jengo zima. Mjulishe mwenye nyumba mapema. Akikutumia bili ya kubadilisha vitasa vyote, kumbuka kwamba mwaka 2014 mahakama kuu ya madai, BGH, iliamua kuwa mpangaji hadaiwi gharama hiyo kama vitasa havijabadilishwa kweli. Angalia pia bima yako ya dhima, “Haftpflicht”, inayolipia hasara unayowasababishia wengine: baadhi hulipia funguo za nyumba ya kupanga, nyingine hazizigusi kabisa.