Redio ya Ridhaa na Mawasiliano ya Dharura: Mwongozo kwa Waafrika Mashariki Waishio Ughaibuni

Kimbunga Helene kilipofika magharibi mwa North Carolina tarehe 27 Septemba 2024, mafuriko yalikata umeme, barabara na minara ya simu kwa pamoja, na kwa siku kadhaa watu wengi wa milimani hawakuwa na njia ya kupiga simu wala kutuma ujumbe. Ripita iliyo juu ya Mount Mitchell, mlima mrefu kuliko yote mashariki mwa mto Mississippi, iliendelea kufanya kazi. Kupitia mtambo huo, ambao kazi yake ni kupokea mawimbi dhaifu na kuyarusha upya kwa nguvu, waendeshaji wa redio ya ridhaa (amateur radio, yaani redio ya watu binafsi wenye leseni wanaoiendesha kwa kujitolea, si kwa biashara) waliwatafuta watu waliopotezana na ndugu zao, wakaeleza ni barabara zipi zilizokatika na wakapeleka maombi ya maji na dawa. Hawakulipwa, na sheria yenyewe inakataza walipwe.

Mwongozo huu unamlenga Mkenya, Mtanzania, Mganda, Mkongomani, Mrundi au Mnyarwanda anayeishi ughaibuni, hasa Marekani, ambaye angependa kuingia katika kazi hiyo. Sababu za kuingia ni nyingi, lakini moja inatuhusu sisi kwa namna ya pekee. Tahadhari za hatari ambazo mamlaka za Marekani hutuma kwenye simu za watu kwa kawaida hutoka kwa Kiingereza na Kihispania. Usiku wa kuamkia tarehe 11 Desemba 2021, baada ya saa saba, tornado ilipiga Bowling Green, mji wa Kentucky wenye wakimbizi wengi, wakiwemo Wakongomani wanaozungumza Kiswahili, na familia za wahamiaji zilikuwa miongoni mwa zilizoumia sana. Katika saa kama hizo, mtu anayejua taratibu za redio na pia anajua kumwambia bibi wa ghorofa ya tatu kwa Kiswahili kwamba ateremke mara moja, ana thamani ambayo vilabu vingi vya redio havina.

Leseni ndiyo hatua ya kwanza, na si ngumu kama wengi wanavyodhani. Nchini Marekani inatolewa na Tume ya Mawasiliano, FCC, na haidai uraia. Anayezuiwa ni mwakilishi wa serikali ya kigeni. Unachohitaji ni anwani ya posta nchini humo, barua pepe, na namba ya usajili unayoipata bure kwenye tovuti ya FCC kabla ya siku ya mtihani. Hakuna umri wa chini, kwa hiyo mzazi na mtoto wanaweza kusoma pamoja. Daraja la kwanza, Technician, lina maswali 35 ya kuchagua jibu, na anayepata 26 amefaulu. Maswali yote pamoja na majibu yake hutangazwa hadharani, na mtu anayefanya kazi za zamu anaweza kujiandaa kwa wiki chache akisoma kila jioni. Mtihani wa kusikiliza alama za Morse uliondolewa mwaka 2007. Wasimamizi wa mtihani ni watu wa kujitolea, angalau watatu. Baadhi ya vikundi hutoza ada ndogo na vingine havitozi kitu. Ukishafaulu, FCC itakuandikia barua pepe ikikutaka ulipe dola 35 ndani ya siku 10. Usirushe matangazo kabla hujaiona alama yako ya wito, yaani herufi na tarakimu za kukutambulisha hewani, kwenye kumbukumbu za FCC. Leseni hudumu miaka 10.

Jambo moja linahitaji tahadhari kabla ya kujaza fomu: jina na anwani ya kila mwenye leseni huonekana na umma mtandaoni. Mtu aliyekimbia nchi yake kwa sababu za usalama, au asiyependa makazi yake yajulikane, na akodi sanduku la posta kwanza, aandike anwani hiyo tangu mwanzo.

Kuhusu vifaa, nashauri subira. Redio koli ya wati 5 inayotumia masafa ya 144 hadi 148 MHz inatosha kabisa kuanzia, na za bei nafuu hupatikana kwa chini ya dola 50. Wengi hununua redio kwanza kisha huiacha kabatini. Ni afadhali kuitafuta klabu iliyo karibu, kuuliza ripita zake ziko wapi, kisha kununua redio inayoendana nazo, pamoja na betri ya akiba na antena ndefu kidogo kuliko ile inayokuja na redio. Kusikiliza masafa ya ridhaa hakuhitaji leseni, na kwa mgeni kusikiliza ni shule nzuri: utasikia watu wanavyopokezana zamu, wanavyotaja alama zao kila baada ya dakika 10 na mwisho wa mazungumzo, na wanavyonyamaza mara moja mtu anapoomba nafasi ya dharura.

Madereva wa malori, ambao ni wengi katika jamii zetu, waelewe kwamba masafa haya hayaruhusiwi kwa shughuli za biashara. Kupanga mizigo au kumwelekeza dereva wa kampuni ni kosa hata kama una leseni; kwa kazi hiyo kuna redio ya CB, ambayo haihitaji leseni na ambayo chaneli yake ya 19 ndiyo ya malori. Na familia inayotaka tu kuwasiliana pale simu zinapozimika, bila mtu yeyote kufanya mtihani, inaweza kuomba leseni ya GMRS, yaani redio za mawasiliano ya kifamilia, kwa dola 35, ambayo kibali kimoja hutosha ndugu wote wa karibu wa mwenye leseni.

Sasa niseme jambo ninalolitilia mkazo kuliko mengine. Leseni haimfanyi mtu awe wa msaada wakati wa maafa. Kinachomfanya hivyo ni mkutano wa hewani wa kila wiki. Vilabu vingi huwa na jioni maalumu ambapo msimamizi hufungua mkutano kwenye ripita, huita washiriki mmoja mmoja, na kila mmoja hujibu kwa alama yake, jina lake na mahali alipo. Kwa anayesikia mara ya kwanza huonekana ni jambo dogo. Hata hivyo, ndani ya nusu saa hiyo unajifunza kubonyeza kitufe na kusubiri kidogo kabla ya kusema ili neno la kwanza lisikatwe, unajifunza kusema kwa ufupi, na unajifunza kwamba katika mkutano unaosimamiwa hakuna anayemwita mwenzake bila ruhusa ya msimamizi. Zaidi ya hayo, watu wanaizoea sauti yako. Siku ambayo mji umezama gizani na sauti yenye lafudhi ya Mwanza au Bukavu inaomba nafasi, msimamizi ambaye ameisikia kila Jumanne kwa mwaka mzima hatapoteza dakika kujiuliza huyu ni nani. Lafudhi isimtie mtu aibu: sema polepole, tumia orodha ya kimataifa ya kutaja herufi, Alfa, Bravo, Charlie hadi Zulu, na utaeleweka kuliko mzawa anayeharakisha.

Ustadi mwingine wa kujifunza mapema ni kupeleka ujumbe wa maandishi kwa sauti. Chukua mfano wa ujumbe huu kutoka kwenye kituo cha hifadhi: TUKO SALAMA SHULENI X BIBI ANAHITAJI INSULINI KABLA YA JIONI. Herufi X husimama badala ya nukta, husomwa X-ray, na huhesabiwa kama neno. Kabla ya kusoma ujumbe, mwendeshaji hutaja namba yake, uzito wake, yaani kama ni wa dharura, wa kipaumbele, wa hali ya watu au wa kawaida, kituo ulikotoka, na idadi ya maneno, ambayo hapa ni 10. Kisha husoma kwa mwendo wa mtu anayeandika, na neno linaloweza kukosewa hulitaja herufi kwa herufi: INSULINI ni India, November, Sierra, Uniform, Lima, India, November, India. Anayepokea huhesabu maneno aliyoyaandika. Akipata tisa, anaomba kurudiwa, na hakiri kupokea mpaka hesabu zilingane. Uzuri wa utaratibu huu ni kwamba mwendeshaji asiyejua neno hata moja la Kiswahili anaweza kuupokea ujumbe huo, akaupitisha kwa mwingine, na ukafika kwa mkalimani bila herufi kupotea. Utaona pia kwamba bibi hakutajwa jina. Masafa ya ridhaa husikika na kila mtu, na kuficha maana kwa lugha ya siri hakuruhusiwi, hivyo habari za ugonjwa hazifungamanishwi na jina la mgonjwa ila pale inapolazimu.

Kuzungumza Kiswahili hewani, kwa upande mwingine, kunaruhusiwa kabisa, kwa kuwa si lugha ya siri. Masharti ya Marekani ni kwamba alama yako ya wito uitaje kwa Kiingereza. Hapo ndipo jumuiya zetu zinapoweza kujipanga. Msikiti, kanisa au chama cha Wakenya au Wakongomani mjini kinaweza kuwa na watu wawili au watatu wenye leseni, wanaojulikana na klabu ya eneo hilo, ambao kazi yao wakati wa maafa ni kupokea taarifa rasmi hewani na kuzifikisha kwa Kiswahili kwa viongozi wa nyumba na mitaa. Kundi la WhatsApp litumike maadamu mtandao upo, lakini mpango usilitegemee hilo peke yake. Andikeni kwenye karatasi nani anaishi wapi, nani ana mgonjwa, nani hana gari, na karatasi hiyo itunzwe na mtu mwaminifu.

Kwa mafunzo rasmi, anza na SKYWARN, mpango wa Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa unaofundisha watu wa kawaida kutambua dalili za dhoruba kali na kuziripoti. Darasa lake ni la bure, humalizika kwa jioni moja, na halihitaji hata leseni ya redio. Baada ya hapo jiunge na ARES, huduma ya dharura ya ARRL, chama cha kitaifa cha waendeshaji wa redio ya ridhaa, iliyoanza mwaka 1935. Vikundi vingi vya ARES huwataka wanachama wafanye kozi za bure za mtandaoni za FEMA, shirika la serikali ya Marekani la kukabiliana na maafa, hasa IS-100 na IS-700, zinazoeleza jinsi uongozi wa tukio unavyopangwa na nani anamwamuru nani. Huenda ukachunguzwa rekodi zako kabla ya kuruhusiwa kuingia kwenye hospitali au vituo vya Msalaba Mwekundu. Usijipeleke mwenyewe eneo la maafa kwa sababu una redio mkononi. Asiyeitwa huwa mzigo kwa waliotumwa.

Wikiendi kamili ya nne ya Juni vilabu vya Marekani na Kanada hufanya zoezi la Field Day, lililoanza mwaka 1933, ambapo waendeshaji huhamia uwanjani na kufanya kazi mchana na usiku kwa jenereta, betri na umeme wa jua. Wageni hukaribishwa, na mara nyingi kuna meza ambayo asiye na leseni huruhusiwa kuzungumza akisimamiwa. Peleka watoto.

Walioko Uingereza hupewa leseni na Ofcom, na mtihani wa daraja la Foundation, wenye maswali 26 na alama ya kufaulu 19, unaweza kufanywa nyumbani kupitia mtandao. Huduma ya dharura huko ni RAYNET, iliyozaliwa baada ya mafuriko ya pwani ya mashariki mwaka 1953. Kanada ina mtihani wa Basic wa maswali 100: asilimia 70 hukupa cheti, na 80 hukufungulia masafa ya mbali pia.

Masafa hayo ya mbali ndiyo yanayoamsha hamu ya kusikia sauti za nyumbani. Technician wa Marekani anaruhusiwa sauti kati ya 28.300 na 28.500 MHz, na miaka ambayo jua lina madoa mengi, masafa hayo huvuka bahari kwa nguvu ndogo. Anayetaka uhakika zaidi apande daraja la General atumie 14 MHz. Alama zinazoanza na 5Z ni za Kenya, 5H za Tanzania, 5X za Uganda, 9X za Rwanda, 9U za Burundi na 9Q za Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Oman hutumia A4, na Sultani Qaboos mwenyewe alikuwa mwendeshaji mwenye alama ya A41AA. Hata hivyo, usimkabidhi mama mkwe kipaza sauti azungumze na nchi nyingine kabla hujahakikisha kwamba nchi hiyo ina makubaliano na Marekani kuhusu ujumbe wa watu wasio na leseni.

Anayefikiria kusafiri na redio yake kwenda likizo afahamu kwamba leseni ya ughaibuni haimpi ruhusa ya kurusha matangazo Kenya au Tanzania, na kwamba chombo chenyewe kinaweza kuzuiwa uwanja wa ndege. Kenya anayeshughulikia ni Mamlaka ya Mawasiliano, Tanzania ni TCRA, na Chama cha Redio ya Ridhaa cha Kenya, ARSK, ni mahali pazuri pa kuulizia taratibu. Omba kibali wiki nyingi kabla ya safari, ukiambatanisha nakala ya leseni na maelezo ya aina ya redio, na kama kibali hakijatoka hadi siku ya kuondoka, redio na ibaki nyumbani.